Kanda 40 za hip hop na redio isiyozungusha: aanzie wapi?

SWALI: Nina miaka 43, naishi Sakina, Arusha. Nimeshusha darini boksi lenye kanda kama 40 na CD kadhaa za kuchoma, zote hip hop ya enzi nikiwa shule. Kuna za Marekani, za Bongo, nilizorekodi redioni, na nyingine nilidabu kwa wana wa mtaani ambao hawakuwahi kutoa albamu. Redio ya kanda inawaka lakini kanda haizunguki. Nataka niurudie muziki huu vizuri, nimwonjeshe binti yangu wa miaka 15, na niwatumie wana wa kijiwe cha zamani kwenye kundi letu la WhatsApp. Kwenye simu najikuta naruka ruka nyimbo mpaka hamu inaisha. Nianzie wapi?

JIBU: Kaka, redio iache kwanza. Mwaga boksi lote mezani ugawe mafungu matatu, kwa sababu kanda hizo hazilingani thamani na jioni zako za wiki zinahesabika.

Fungu la kwanza ni albamu zilizouzwa madukani, za Marekani na za Bongo. Nyingi ya hizo leo zipo mtandaoni. Spotify ilifika rasmi Tanzania mwaka 2021, na Boomplay, Audiomack na YouTube zina hazina kubwa ya Bongo. Tafuta jina moja moja. Ukiipata, kanda yake weka pembeni, maana kanda iliyodabuliwa mkono wa tatu haiwezi kushindana na faili lililotolewa kwenye nakala mama. Ila linganisha orodha ya nyimbo na karatasi ya kanda kabla ya kuiacha. Kuna albamu za zamani ambazo zikirudi mtandaoni wimbo mmoja umeondolewa au mdundo umepigwa upya kwa sababu sampuli, yaani kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa mtu mwingine, haikulipiwa. Ukiona tofauti hiyo, kanda yako ni mali.

Fungu la pili ni ulizorekodi redioni. La tatu ni za wana wa mtaani, na hilo ndilo la kuanza nalo usiku wa kwanza. Arusha ilitoa majina makubwa ambayo kazi zao hazipotei kirahisi: X Plastaz walitoa albamu yao mwaka 2004 kupitia lebo ya OutHere ya Ujerumani, na Nako 2 Nako, Watengwa, Joh Makini na baadaye Weusi wanapatikana ukiwatafuta. Lakini nyuma ya kila kundi lililotoka palikuwa na mengine yaliyoishia kwenye demo moja, ikadabuliwa kanda kwa kanda mpaka Kijenge na Ngarenaro. Demo hiyo ikiwa mikononi mwako, inawezekana kabisa kwamba hakuna nakala nyingine inayocheza. Utepe wa sumaku unachakaa hata ukikaa tu, na dari ni pahali pabaya: joto la bati mchana, unyevu wa masika kuanzia Machi hadi Mei. Usiirudishe huko.

Sasa redio. Inayowaka bila kuzungusha, mara nyingi belti imelegea au imeyeyuka ikawa lami nyeusi inayonata. Fundi redio yeyote mwenye uzoefu anaiweza, na ukiulizia karibu na Soko Kuu au Stendi Ndogo hutakosa wa kukuelekeza. Mwambie afute lami yote kwenye puli kwa spiriti kabla ya kuweka belti mpya. Akikosa belti ya zamani ya kupimia, azungushe uzi kwenye puli zote, apime urefu wake, apunguze kama asilimia 5. Usikubali mpira wa kufungia noti. Unavutika bila usawa, na sauti itayumba juu na chini kila sekunde.

Kabla ya kuingiza kanda yoyote, safisha hedi (kichwa kinachosoma sauti kwenye utepe), kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe, na gurudumu la mpira linalobana juu yake. Tumia pamba ya masikioni na alkoholi ya isopropili ya duka la dawa, ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti yenye rangi inaacha utando. Sugua mpaka pamba itoke nyeupe, kisha subiri dakika tano ikauke. Gurudumu likiwa limeng'aa kama kioo au lina nyufa, libadilishwe, kwa kuwa ndilo linalokula kanda. Jaribio la kwanza lifanyike kwa kanda usiyoijali.

Kagua kila kanda kwa macho. Unga mweupe au madoa kwenye ukingo wa utepe ni fangasi. Hiyo tenga kwenye mfuko wake, usiichanganye na nyingine wala kuicheza kabla ya kusafishwa, la sivyo hedi itausambaza kwenye boksi zima. Angalia pia kile kipande kidogo cha pedi katikati ya mdomo wa kanda. Kikidondoka, sauti inakuwa ya mbali na isiyo na makali, na watu hudhani kanda imeisha. Dawa yake ni kuhamisha magurudumu yote mawili ya utepe kwenye gamba la kanda nyingine yenye skrubu tano. Utepe uliokatika usiunge kwa selotepu ya kawaida ukaona kazi imekwisha. Gundi yake hutoka pembeni ikagandisha mizunguko ya jirani. Kama huna nyingine, kata kipande chembamba, bandika upande wa nyuma usiogusa hedi, rekodi siku hiyo hiyo. Kanda iliyolala miaka mingi ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma mara moja kabla ya kucheza, ili mkazo usawazike.

Kuna mambo mawili watu huyaruka, na ndiyo yanayoharibu kazi nzima.

La kwanza ni pembe ya hedi. Kanda iliyorekodiwa kwenye deki ya jirani yako mwaka 1999 ilifuata pembe ya hedi ya deki ile, siyo ya redio yako. Pembe zikitofautiana kidogo tu, matoazi na herufi s na sh zinafifia, na mchanaji (rapa) anasikika kama anachana nyuma ya pazia. Pembeni ya hedi kuna skrubu yenye springi, mara nyingi imepakwa rangi. Cheza sehemu yenye maneno mengi, vaa hedifoni, izungushe taratibu, chini ya robo mzunguko kwenda na kurudi, mpaka maneno yawe makali kabisa. Fanya hivyo kwa kila kanda iliyotoka deki tofauti. Usiguse skrubu ya upande wa pili isiyo na springi.

La pili ni kasi. Kanda huenda sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini redio nyingi za zamani hazisemi kweli. Chukua wimbo wowote wa kwenye kanda ambao pia upo mtandaoni, linganisha muda. Mtandaoni ukiwa dakika 4 kamili na wako ukaisha kwa dakika 3 na sekunde 52, redio inakimbia zaidi ya asilimia 3, na sauti zote zimepanda. Nyuma ya mota nyingi kuna kitundu cha bisibisi ndogo cha kurekebishia kasi. Ukishindwa, rekodi hivyo hivyo, ukarekebishe kwenye kompyuta kwa kubadili kasi pamoja na kimo cha sauti, siyo tempo peke yake.

Kurekodi kwenyewe ni kazi nyepesi. Pakua Audacity, programu ya bure ya kurekodia kwenye kompyuta. Toa waya kwenye tundu la sauti la nyuma ya deki au, kama ni redio ya mkononi, tundu la hedifoni likiwa na sauti katikati na vitufe vyote vya kuongeza besi vimezimwa. Usichomeke kwenye tundu la hedseti la laptop. Mengi ya matundu hayo hupokea maikrofoni tu, upande mmoja, na mdundo utapasuka. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia stirio. Vile vidude vya USB vya kuchezea kanda vinavyouzwa kama walkman ya kuunganisha moja kwa moja siwapendekezei watu wenye kanda za thamani, maana mota zake huyumba.

Kwenye Audacity weka 44,100 Hz, biti 16, stirio. Kanda haina undani unaozidi hapo. Tafuta wimbo wenye kelele kuliko yote, rekebisha mpaka kilele kiguse desibeli 6 chini ya sifuri, kisha usiguse tena. Ukisikia mvumo mzito usioisha, chomoa chaja ya laptop uendelee kwa betri. Mara nyingi mvumo unakatika hapo hapo, na umeme ukikatika, kompyuta itabaki hai na kilichorekodiwa hakitapotea. Acha upande wote ucheze bila kusimamisha. Alama za mwanzo wa kila wimbo utaziweka baadaye kwa kubonyeza Ctrl na B, kisha utoe kila wimbo kama faili lake.

Kwa hesabu, kanda ya dakika 60 ikiwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ni kama MB 600. Ukiihifadhi kwa FLAC, ambayo haipotezi chochote, inashuka karibu nusu. Kanda zako 40 zitaingia kwenye flashi ya GB 32, ila weka na nakala ya pili kwenye diski ya nje, kwa kuwa flashi hufa bila kuaga. MP3 tengeneza kutoka kwenye FLAC kwa ajili ya simu tu. Piga picha karatasi ya kila kanda pande zote mbili, hata kama ni mwandiko wa kalamu ya Bic uliofutika nusu, na picha ikae folda moja na sauti.

CD za kuchoma zishughulikie mapema pia, kwani rangi ya ndani inayobeba data hufifia kwa mwanga na joto. Zioshe kwa maji, zifute kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Kama ni CD ya MP3, nakili mafaili yalivyo. Kuyageuza tena MP3 ni kuyapunguza mara ya pili.

Utashawishika kusafisha kelele kwa programu. Hapa nakusihi uwe mgumu. Sehemu ya kelele hiyo ni muziki wenyewe. Mashine ya kutengenezea midundo ya E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987 na kubeba midundo mingi ya New York, ilihifadhi sampuli za sekunde 10 tu kwa jumla, kwa biti 12 na kiwango cha takriban 26 kHz. Maprodyuza walikuwa wanacheza santuri ya kasi ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45 ili sampuli iingie, kisha wanaipunguza kasi ndani ya mashine. Ule ukwaruzo unaousikia chini ya ngoma ulitokea hapo, na mikwaruzo ya santuri nayo mara nyingi iliachwa kwa makusudi. Programu ya kuondoa kelele haijui kutofautisha. Itakula matoazi na pumzi ya mchanaji. Hifadhi faili ghafi bila kuligusa. Ukitaka kujaribu, jaribu kwenye nakala, na usipunguze zaidi ya desibeli 6.

Kwa nyimbo za redioni usizozijua, rekebisha kasi kwanza ndipo utumie Shazam, programu ya simu inayotambua wimbo kwa kuusikia, kwa sababu huweza kushindwa wimbo ukiwa umekimbia. Ikigoma, andika mstari mmoja wenye maneno adimu ndani ya alama za nukuu kwenye mtandao. Mtangazaji aliyeongea juu ya wimbo usimkate. Tangazo la tamasha au salamu za msimu alizotaja ndizo zitakazokupa mwezi na mwaka wa kanda.

Sasa hilo la kuruka ruka, na hili nalitilia uzito kuliko waya zote. Watafiti wa kumbukumbu wamebaini kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo aliyoyaishi kati ya miaka takriban 10 na 30. Wimbo wa umri huo ukianza, kumbukumbu inakujia mwanzoni kabisa: mtaa, watu, viatu ulivyovaa. Ukishaipata, wimbo hauna tena cha kukupa, na kidole kinaenda kwenye unaofuata. Ulikuwa unasikiliza ujana wako, muziki hukuufikia.

Kwa hiyo badili utaratibu. Sikiliza upande mmoja mzima wa kanda, dakika 30 au 45, simu ikiwa mbali au imezimwa mtandao. Tumia hedifoni za waya au spika mbili, siyo kile kispika kimoja cha Bluetooth ambacho kinavimbisha besi na kufunika maneno. Na katika kila wimbo, tegea vesi ya pili. Ya kwanza na kiitikio ulivikariri ukiwa shule, vinapita masikioni bila kuguswa. Vesi ya pili wengi waliimumunya tu. Humo ndimo utakuta mistari kuhusu kodi ya nyumba, deni, mzazi mgonjwa, mambo ambayo kijana wa miaka 16 hakuwa na mahali pa kuyaweka. Mengine yatakukera ukiwa mtu mzima, hasa matusi kwa wanawake. Andika wimbo gani umesimama na upi umeanguka. Orodha hiyo ndiyo utakayoitumia kuwapa wengine.

Ukimaliza wasanii unaowajua, fuata prodyuza. Jina lake lipo kwenye karatasi ya kanda. Chukua wiki nzima usikilize kazi za mtu mmoja, kwa mfano P-Funk Majani wa Bongo Records, ukiangalia ngoma zake anazipangaje na anamwachia mchanaji nafasi kiasi gani. Wimbo mpya ambao hauna kumbukumbu yoyote nyuma yake upe nafasi tatu, siku tofauti, ndipo uuhukumu. Masikio yako yanaupendelea wa zamani hata pale mpya ulipo bora.

Binti yako usimpe folda. Mpe nyimbo tano, na yeye akupe tano zake, nawe uzisikilize kwa heshima ile ile unayoitaka. Anza na zenye kisa, maana kisa hakihitaji kuijua enzi. "Ndio Mzee" ya Professor Jay, ya mwaka 2001, inamfaa sana: mwanasiasa anaahidi maajabu na umati unaitikia. Usikilizeni pamoja, halafu umwambie kwamba mchanaji huyo huyo mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Kutoka hapo mpeleke nyumbani Kaskazini, kwa Weusi, ukimwonyesha sauti ya Nikki wa Pili, aliyeteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Maswali atayaleta mwenyewe. Neno la mtaani asilolijua mweleze lilitumikaje na nani, basi. Usigeuze kila mstari kuwa somo.

Kwenye kundi la WhatsApp, kosa la kawaida ni kumwaga nyimbo 30 usiku mmoja. Hakuna atakayefungua. Tuma mmoja, Ijumaa jioni, na sentensi moja inayosema sikio liende wapi: "Sikilizeni vesi ya pili, pale anapomtaja mama yake." Kama wimbo upo mtandaoni tuma linki, msanii apate hesabu yake. Faili tuma kwa zile zisizopatikana tu, na ulitume kama dokumenti. Usishike simu mbele ya spika ukarekodi ujumbe wa sauti. Mfumo ule umetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na ngoma yote ya chini itapotea. Bora zaidi, kutaneni. Watu sita, kila mmoja wimbo mmoja, waya badala ya Bluetooth, sauti ya kiasi ambacho mtu anaweza kusema bila kupaza. Wimbo ukicheza hakuna kuongea, ukiisha aliyeuleta ndiye anayeanza.

Za andagraundi usizipandishe YouTube kwa hamasa. Kujitengenezea nakala ya nyumbani ni jambo moja, kuchapisha kazi ya mtu ni jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda hata yule aliyeishia kwenye demo. Mtafute mwenyewe. Kupitia kundi lenu mtu mmoja atajua anaishi wapi au ana ukurasa gani. Mpelekee faili ghafi la WAV, wimbo mzima bila kukatwa mwanzo wala mwisho, pamoja na picha ya karatasi ya kanda, kwa maana huenda yeye hana nakala hata moja. Muulize vitu vitatu uviandike kwenye folda: studio ilikuwa wapi, mdundo alitengeneza nani, na ni mwaka gani. Kama anataka kuuachia rasmi, mwelekeze COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, akasajili kwa jina lake kabla mtu mwingine hajaupandisha, na umwambie awakumbuke wenzake wote walioshika maikrofoni siku ile, akiwemo aliyeimba kiitikio.